Ukiitwa Kwenye Ukungu

Nasimiyu, mwanangu,

Umeenda kumuaga kukhu, na najua bibi yako hatakuachilia kabla hujamaliza kuku aliyekuchinjia. Kwa hivyo nina kama saa mbili za peke yangu. Begi lako liko mlangoni. Nimelifungua na kulifunga mara tatu kuhakikisha viatu vya kukimbilia viko juu. Sitakuandikia habari za kuanika soksi wala za kunywa maji. Hayo unayajua, na usiyoyajua wasichana wa kambini watakufundisha kwa kukucheka, ambayo ni njia ya haraka kuliko yangu.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno yaliyosemwa Jumamosi iliyopita nyumbani kwa anti Naliaka, atakayekufundisha mbio. Wewe uliyasikia, mimi nikanyamaza. Kesho asubuhi tunapanda kwenda Kitale, na kutoka hapo kwa pikipiki hadi kwake, na tangu Jumapili nimejaribu kukuambia kwa mdomo nikashindwa. Jumatatu nilifika hadi mlango wa chumba chako, nikaishia kukuuliza kama umeiona kamba ya nguo. Mimi ni karani. Neno likinishinda ulimini, hulipeleka kwenye karatasi.

Unakumbuka tulivyoketi uani pake, wasichana wake wakirudi mmoja mmoja kutoka njia ya msituni, mvuke ukiwatoka mabegani. Naliaka alikuwa kwenye kigoda, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kama kitu cha mtu mwingine. Wewe ndiye uliyemuuliza aliumia vipi. Nilitaka kukukanya, lakini yeye alicheka.

Akasema, “Kwani mamako hajawahi kukuambia? Nilianguka kwenye shimo la maramu, kule kwenu. Nilimwita mara moja tu, pumzi ikakata. Halafu nikamwona amesimama pale juu kwenye ukungu. Hasemi kitu. Nikajua anaogopa kushuka, na nani hangeogopa? Lakini hakuenda, mayi, mwanangu. Alisimama hapo mpaka watu wa maziwa wakakuja. Mtu wa namna hiyo, mtoto wake ni wangu.”

Wewe ukanigeukia. Sijawahi kukuona ukiniangalia vile. Nikainama nikapukuchua punje za mahindi niliyopewa, nikala moja moja.

Si mimi, Nasimiyu. Aliyesimama pale juu hakuwa mimi. Wakati huo nilikuwa nimeshafika nyumbani.

Sasa nikuambie yote kwa mpangilio, maana nikiruka kitu nitajificha ndani yake.

Miaka kumi na sita iliyopita mimi na Naliaka tulikuwa wasichana wa miaka kumi na saba, wa darasa moja, na tulikuwa tukikimbia pamoja kila siku kabla ya shule. Unajua mji wetu ulivyo chini bondeni: ukitoka mlangoni unaanza kupanda, au unashuka mtoni halafu unapanda zaidi. Tulikuwa na njia tatu. Barabara ya Kimilili tuliiacha kwa ajili ya Jumapili, magari yakiwa machache. Njia ya mtoni ilikuwa ya siku za kuchoka. Ya tatu ni ile unayoijua, Njia ya Maziwa, inayoanzia kwenye kinu cha posho, inavuka daraja la mbao, inapita katikati ya mahindi na kando ya shimo walikochimba maramu ya kujengea barabara, kisha inapanda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha kupokelea maziwa. Hiyo ndiyo tuliyoipenda, kwa sababu ya ule mlima wa mwisho. Ukiweza kuupanda bila kusimama, hakuna kiwanja kitakachokutisha.

Ukungu wa hapa kwetu hautoki juu. Unatoka mtoni na kupanda, kwa hivyo cha kwanza kupotea ni miguu yako mwenyewe, halafu kiuno, halafu mwenzako. Tulikimbia kwa masikio. Mimi mbele, Naliaka nyuma, kila mmoja akihesabu hatua za mwenzake. Zikienda pamoja na zako unajua mambo ni sawa.

Na tulikuwa na lile agizo. Nawe unalo, nilikupa mimi, kama kukhu alivyonipa. Ukiitwa njiani kabla jua halijatoka, usiitike mpaka uone uso. Hakuna mtoto wa bonde hili aliyekua bila kulisikia. Kukhu alinisimulia habari za muuza maziwa aliyeitika, akakutwa asubuhi ng'ambo ya mto, ameketi na mkebe wake mapajani. Mto ulikuwa umefurika na daraja limezama. Nguo zake zilikuwa kavu. Alipoulizwa ni nani aliyemvusha alisema, “Si nyinyi mliniita?”

Asubuhi ile ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika kwenye shimo, njia ilikuwa imeliwa na maji upande mmoja. Nilipita. Nilisikia hatua za Naliaka nyuma yangu, na baada ya kidogo sikuzisikia. Hapakuwa na kishindo wala kilio. Zilikoma tu, kama mtu aliyefikia mwisho wa kuhesabu.

Kisha nikaitwa. “Nafula.”

Ilikuwa sauti yake, lakini tulivu, kama mtu anayekuita uje ule. Nikapunguza mwendo. Nikaitwa tena, karibu zaidi. Nikasimama. Mara ya tatu sauti ilitoka mbele yangu, kule mlimani ambako hakuwa amefika. Mara ya nne ilikuwa hapa, kando ya sikio la kulia, na haikuwa ya kuita tena, ilikuwa ya kunong'ona, kama inavyonong'ona kwa mtu ambaye ameshakubali.

Nilikimbia. Sikurudi kwa njia ile. Nilikata katikati ya mahindi ya watu hadi barabarani, majani yakinichana uso, nikafika nyumbani, nikajifungia.

Ningeishia hapo ungenihurumia. Hata mimi nimejihurumia hapo kwa miaka mingi. Lakini kuna kitu kilichotangulia woga, na sitaki ukisikie kwa mwingine, ingawa hakuna mwingine anayekijua. Wiki ile mwalimu wa michezo alikuwa achague msichana mmoja tu wa mbio ndefu, ama Naliaka ama mimi, na Naliaka alikuwa na kasi kuliko mimi. Hatua zake zilipokoma nyuma yangu, kabla sijaitwa, nilifurahi. Ilikuwa muda mfupi sana, kama wa kupepesa jicho. Nilidhani amechoka. Kisha nikaitwa, na lile agizo la kukhu likanifaa. Nilikuwa na ruhusa ya kutoitika. Ndiyo maana naogopa sana mambo mazuri tunayofundishwa, mwanangu. Siku nyingine tunayashika si kwa kuyaamini, bali kwa sababu yametukuta pale tulipotaka kuwa.

Watu wa maziwa walimtoa. Alipelekwa Bungoma, mguu umevunjika mara mbili na mbavu zimeumia. Waliponiuliza nilisema tuliachana darajani, kwamba sikusikia kitu. Nilisema hivyo kwa mamake, kwa mwalimu, na kwa mzee wa kijiji. Nilikaa wiki mbili kabla ya kwenda kumwona hospitalini, na nilipofika alinishika mkono, akasema ahsante. Nilidhani ananishukuru kwa machungwa niliyombebea.

Nilichaguliwa mimi. Nilikimbia mashindano yale vibaya, kwa sababu mbio nzima nilikuwa nikisikiliza nyuma. Mwaka uliofuata ulizaliwa wewe, na watu wakasema mtoto ndiye aliyenitoa kwenye mbio. Niliwaacha waseme. Ukaubeba mzigo huo miaka kumi na mitano bila kujua, na leo nakutua. Hukunitoa kwenye chochote. Nilikuwa nimeshatoka kabla hujaja.

Naliaka hakukimbia tena. Alihama na wazazi wake kwenda upande wa Kitale, akaanza kufundisha wasichana. Tulisalimiana kwa simu wakati wa Krismasi. Kila mara nilisubiri aniulize, na kila mara alinisalimia kama ndugu, nami nikaona huo ni wema wa kutisha. Sikujua ya kwamba hana la kuniuliza. Sikujua ananiona nimesimama pale.

Huko masjala, ninakotunza mafaili, wenzangu wanasema nina masikio ya mapambo. Mtu akiniita kutoka korido siitiki mpaka atokee mlangoni. Yule mhudumu wetu hunitania, “Madam Nafula, ama ni mpaka tukuandikie barua na mhuri?” Hucheka, nami hucheka. Wengine wanaona ni maringo. Ni ile sauti ya nne. Kila anayeniita bila uso, naisikia kwanza ile.

Na nilikurithisha wewe. Unaikumbuka ile asubuhi ya mwezi wa tano, nilipokungoja darajani na tochi ya simu? Ulikuwa umechelewa. Nikakuita. Nikakuita tena, nikapiga kelele mpaka koo likauma, na mto peke yake ukajibu. Nilianza kuvua viatu niingie majini. Ukungu ulipopasuka kidogo nikakuona umesimama hatua kumi kutoka kwangu, mikono imeshikana, unaniangalia.

Nilikuchapa kofi. Sikuwahi kukuchapa usoni kabla ya siku ile. Ukasema, “Mama, si wewe ulisema mpaka nione uso? Na hiyo sauti haikuwa yako. Ilikuwa inalia.”

Nilikuomba msamaha kwa kofi. Sikukuambia kwamba nilichokiona pale darajani ni mimi mwenyewe: mtoto aliyelelewa vizuri, mtiifu, anasikia mtu akizama kwa hofu na hasemi kitu.

Sasa jambo la mwisho, la Jumanne. Nilikuambia naenda kazini mapema. Sikwenda. Nilivaa raba zangu za zamani na kushika Njia ya Maziwa kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilitembea, magoti yangu yamesahau. Nilitaka kuhakikisha kitu kimoja, kama ninavyohakikisha faili. Kwa miaka yote nimejiambia kwamba zile sauti zilizofuata ya kwanza zilikuwa mwangwi tu: Naliaka aliita mara moja, na shimo likarudisha mara tatu. Jumamosi aliposema mwenyewe kwamba aliita mara moja, moyo wangu ulishika hapo.

Shimo bado lipo, ingawa nusu limejaa majani na maji mekundu. Ukungu ulikuwa mwingi. Nilisimama pale ukingoni ambapo mtu angesimama kumtazama aliyeanguka. Nikaita jina langu mwenyewe kwa nguvu.

Hakuna kilichorudi. Mahindi yalilimeza. Nikaita tena, nikisikiliza kwa makini, na hapo kutoka upande wa pili, mahali nisipoweza kuona, sauti ya mwanamke ikasema, “Naam?”

Nilitaka kukimbia. Mguu ulikuwa umeshageuka. Sauti ikasema tena, kwa hasira kidogo sasa, “Nimeitika. Kwani unataka nini asubuhi hivi?”

Alitokea katikati ya mahindi, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Alikuwa akipalilia. Naye anaitwa Nafula, kama nusu ya wanawake waliozaliwa msimu wa mvua hapa kwetu. Nilimwomba radhi, nikamwambia nilikuwa nikijaribu sauti tu. Aliniangalia viatu, akaniangalia uso.

Nikamuuliza kama hakufundishwa kutoitika kabla jua halijatoka.

Akasema, “Nilifundishwa. Lakini ningenyamazia kila mtu, siku ya kujifungua ningeitikiwa na nani? Huyu nilimzaa hapa shambani. Niliita, mtu akaitika, hata sikumjua.”

Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba hadi leo. Alisema aliponiona pale ukingoni alidhani ni yule mwingine. Nikauliza yupi. Akasema kuna mtu husimama hapo siku za ukungu. Hasemi, hasogei. Watoto wa shule wamemzoea, hawaogopi kupita karibu na shimo akiwapo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuanguka akiwapo. Nikamuuliza ni mwanamume au mwanamke. Akamtikisa mtoto mgongoni, akafikiri, akasema, “Sijui. Ni urefu wako.”

Alirudi kupalilia. Nilisikia jembe lake kwa muda, kisha nikaacha kulisikia, na sikungoja kujua kwa nini.

Sina maelezo, Nasimiyu. Nimesoma, nina cheti, nafanya kazi mahali ambapo kila kitu kina namba, na sina pa kuliweka hili. Sijui ni nani aliyeniita mara tatu zile. Sijui ni nani aliyesimama na rafiki yangu mahali pangu. Usiku mwingine nafikiri ni mmoja yuleyule: kwamba aliniita nirudi, nilipokataa akaenda kusimama yeye. Nafikiri hivyo halafu nawasha taa.

Ninalojua ni dogo. Kule unakokwenda kuna ukungu kuliko huku. Njia ya msituni inapita chini ya miti ambapo jua hufika saa tatu. Mtakimbia wasichana wanane kwa mstari, kila mmoja akihesabu hatua za mwenzake. Siku moja hatua za nyuma yako zitakoma, na pengine atakuwa ni yule unayegombania naye nafasi. Itika. Usingoje uso. Ikiwa si mtu, basi utakuwa umemwitikia asiye mtu, na tutajua la kufanya, hata kama ni mimi na kukhu kukufuata ng'ambo ya mto. Lakini ikiwa ni mtu na ukanyamaza, hakuna ng'ambo utakayokutwa. Utabaki upande huu, kavu, miaka kumi na sita.

Kukhu atasema nimekuharibu. Mwambie niliyasema mimi.

Nimefikiria kukupa barua hii uisome ukifika, mimi nikiwa nimesharudi Bungoma kazini. Ndivyo ninavyofanya mambo. Najificha nyuma ya karatasi. Nimefikiria pia kumwachia Naliaka picha yake kama ilivyo. Ni nzuri. Miaka yote imemfariji kwamba alikuwa na rafiki aliyeogopa lakini hakuondoka, na ni kwa ajili ya huyo rafiki anakupokea. Nikimwambia, namnyang'anya. Huenda akakataa kukuchukua, na nafasi hii uliipata kwa miguu yako, si kwa uongo wangu. Nimelipima jambo hili kila upande kwa siku tano, na kila upande kuna mtu anaumia.

Lakini wewe utalala chini ya paa lake. Atakuwa akikupigia mfano wangu kila mtakapokutana na woga. Sitaki uanze kukimbia ukiwa na mama wa uongo mbele yako.

Kwa hivyo barua hii utaisoma leo, ukirudi kutoka kwa kukhu, mimi nikiwa jikoni. Ukimaliza usiseme lolote kama huna neno. Kesho tukifika kwake, begi lisishuke kutoka kwenye pikipiki. Nitaingia uani, nitamwambia Naliaka kwamba nilimsikia, na kwamba niliondoka. Nitamwambia mbele yako, kwa mdomo. Akitufukuza, tutarudi wote wawili, nami nitakutafutia pengine pa kukimbilia, na una haki ya kunikasirikia njia nzima ya kurudi.

Nitatetemeka, nakuonya mapema. Huenda sauti yangu isiwe ile unayoijua. Usinisaidie kusema, wala usiniombee msamaha. Simama tu mahali nitakapokuona.

Ni mimi mama yako,
Nafula